Ule Unga wa Ladha Kutoka Tunduma

Hamugembe,
Bukoba.
Jumanne, 6 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Edvina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limetulia sasa mvua za huko Tunduma zikipungua. Eliud anaendeleaje na masomo? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Dastan yuko visiwani Muleba kwenye ununuzi wa dagaa, atarudi Jumamosi. Mimi mwili hauumi, ila usingizi hauji.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Shangazi, wewe huweka simu kwenye spika mbele ya wateja wako wote, na huku kuta za nyumba hazifichi neno. Kwa hiyo naandika hapa kazini, ofisini kwa wakili, mlango nimeurudishia.

Ni juu ya ule unga mweupe ulionipa siku ya harusi, ule unaotia kwenye supu pale mgahawani kwako ili ladha ikolee. Uliuchota kwenye gunia, ukanifungia katika kifuko cha nailoni kisicho na jina wala maandishi, ukaninong'oneza nisimwonyeshe mtu. Nilitii. Nikakificha ndani ya khanga, chini kabisa sandukuni.

Unajua mila ya ukoo huu: bibi harusi haingii jikoni mpaka mama mkwe amkabidhi, na siku hiyo mama ndiye wa kwanza kuonja. Nilipika ndizi na maharage, nikatia unga wako ncha ya kijiko. Ma Kokuberwa alikula mpaka akafuta jani la mgomba kwa kidole. Jirani yetu Stellah, ambaye hapitwi na jambo, akasema, "Ma Kokuberwa, sasa naelewa kwa nini Dastan siku hizi anatoka visiwani mbio. Huyu binti anawatilia nini?" Tulicheka wote.

Wiki iliyopita mama alitoa khanga zangu kuzianika kwa sababu ya unyevu, akakikuta kifuko. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta khanga zimekunjwa vizuri, kifuko hakipo. Tangu hapo chakula changu hakigusi. "Nimeshiba, waitu," anasema kwa adabu ya Kihaya, kisha anajichomea kiazi chake pembeni.

Jumapili shangazi zake Dastan wanakuja kutoka Maruku kula kwangu. Mama mkwe asipokula chakula cha mke wa mwanawe, ukoo wote huacha. Akikataa mbele yao, sijui nitabaki nani katika nyumba hii.

Nafahamu anachowaza: kama si sumu, ni limbwata. Kutwa nachapa viapo vya watu, nasahihisha hata nukta, lakini nyumbani sentensi moja inanishinda. Nikisema ni kiungo cha chakula tu, atauliza kwa nini nilikificha. Nikinyamaza, ni kama nimekiri. Tafadhali mpigie wewe, umweleze kwa upole. Usimtanie.

Ijumaa

Barua sikuituma, nilikuwa naisoma na kuikunja tena.

Juzi nilitoka kazini nikamkuta yule tetea mwekundu amefungwa mguu kwenye mgomba, mbele yake pumba zenye chembe nyeupe zinazong'aa. Mama alikuwa ameketi kibarazani anamtazama kama muuguzi wa zamu. Nikamwamkia, akaitikia. Habari ya kuku hakuna aliyeigusa. Shangazi, sijawahi kumwombea kuku rozari, lakini nilimwombea. Nilijua ni chakula tu, hata hivyo niliwaza: je, akifa kwa ugonjwa wake mwenyewe?

Jana asubuhi nilichungulia kabla ya kuvaa viatu. Alikuwa mzima, anaparua.

Jioni mama aliniambia nipumzike, atapika yeye. Alipotandaza jani, nikaonja maharage na kuitambua ladha mara moja. Ilikuwa kali kuliko yangu. Nikamtazama, naye akatazama chakula.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ya Jumapili tutapika wote. Wewe unatia kidogo mno."

Basi usimpigie. Sijui kama ameniamini mimi au amemwamini kuku, na bado nashtuka akisukuma mlango. Lakini kifuko kimerudi, si kwenye khanga, kiko rafuni kando ya chumvi, ambapo hata Stellah anakiona.

Wasalimie sana Eliud na mzee Protase. Waambie wasilicheke jambo hili mpaka Jumapili ipite. Mungu abariki jiko lako na kila anayenawa mikono kula kwako.

Mtoto wa kaka yako akupendaye na kukuhitaji,
Joviana

Nimekumbuka: kifuko kinakaribia kuisha, na anayekimaliza si mimi. Ukipata mtu wa kumpa mzigo, tuma unga mwingine, safari hii katika pakiti yake yenye maandishi. Juu yake andika jina la Ma Kokuberwa, langu acha.