Bolti Inakwama, Babu Anadhani ni Mikono Yake

Kwako Bi Hazel wa ukurasa wa wawindaji gazetini,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na ninakuandikia wewe kwa sababu hunijui sura, maana mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikauka. Risasi zinazomtesa babu yangu nimezitengeneza mimi.

Babu Alvin alinifundisha kujaza risasi upya kwenye meza yake gereji, na naipenda kazi hiyo kuliko mchezo wowote wa shuleni kwa sababu haina kelele na kila kitu hupimwa, na sheria yake ni kwamba ganda lililokwisha kupigwa tunalibana shingo tu, mwili hatuugusi, kwa kuwa limeshakaa umbo la chemba ya bunduki yake, lile tundu linalopokea risasi, na hivyo litadumu. Kaka yake, Babu Orrin, alikuwa na bunduki ya risasi zilezile na sheria ileile, kila mmoja na kopo lake la kahawa la kuwekea maganda. Babu Orrin alifariki majira ya kuchipua, nami nikitaka kumfurahisha babu nikapanga meza, nikasugua maganda yote yakang'aa, nikayamimina katika kopo moja, nikayabana shingo, nikajaza baadhi yake kwa kipimo kilekile cha baruti cha siku zote, tena nilipima mara mbili.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Hata kuishusha bolti, ule mkono wa chuma unaofunga risasi ndani ya chemba, babu alilazimika kuisukuma, akapiga, akataka kuinyanyua ili kufungua, ikagoma, akaigonga kwa kiganja mpaka ganda likatoka kwa taabu, na risasi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Binamu yangu Clete alikuwa amesimama nyuma.

"Vipi mzee, imekushinda? Ilete huku, wewe kashike kikombe cha kahawa."

"Kashike mdomo wako kwanza," babu akamjibu, lakini hakupiga tena.

Ndani ya gari akaniambia, "Signe, mjukuu wangu, mikono imekwisha. Mwaka huu kulungu nawaachia vijana. Clete aje Jumapili ya mwisho kabla ya msimu, baada ya kanisa, aichukue bunduki."

Mlima wa kuwindia kulungu alikuwa akiupanda na kaka yake kila msimu, na mwaka huu alisema tutapanda mimi na yeye. Nikisema, atajua nimechanganya maganda ya marehemu, na yote yanafanana, siwezi kuyatenganisha tena. Pia nimesoma kwamba ganda likikwama huenda baruti imezidi, na naogopa nisije nikamuumiza. Nifanyeje?

Signe, Montana

MAJIBU

Signe, kwanza zitenge hizo risasi. Hakuna hata moja katika fungu hilo itakayopigwa, na bolti iliyogoma haigongwi, si kwa kiganja wala kwa gogo. Babu yako anajua hilo. Mwambie nimemgombeza.

Sasa soma tena barua yako. Umeandika kwamba alisukuma bolti hata kuifunga, halafu ukapita mbio. Jibu liko hapo. Baruti ikizidi, bolti kwa kawaida hufunga laini, kisha hugoma baada ya mlipuko, na fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, hubapa, na kitako cha ganda huwa na alama inayong'aa. Zitazame hizo alama, usiridhike kwa maneno yangu. Lakini bolti inayogoma kabla ya kupiga inakuambia ganda ni nene kuliko chemba. Bunduki ya marehemu ilikuwa na chemba pana zaidi. Maganda yake yamevimba kwa kiasi cha bunduki yake, wewe ukayabana shingo tu, kisha ukayasukuma katika chemba ya babu yako iliyo nyembamba. Sheria yenu ni nzuri kwa bunduki moja. Ganda likihamia bunduki nyingine, linabanwa mwili mzima.

Risasi zilizojazwa zifunguliwe kwa kifaa chake, babu akiwa pembeni yako. Usithubutu kuingiza risasi iliyojazwa kwenye kalibu ya kubania, inaweza kulipuka! Chemba isafishwe ikauke. Kisha kila ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti, lijaribiwe kwenye bunduki kabla ya kujazwa.

Na hili lingine halihusu bunduki. Wewe ni mtoto mwangalifu, na kosa ulilifanya kwa upendo. Kunyamaza je? Unamwacha mzee mzima aamini kwamba mikono yake imekufa, ili wewe usione haya? Mwambie kabla ya Jumapili hiyo. Ukishindwa kusema, mpe barua hii aisome.

Hazel

BARUA YA PILI KUTOKA KWA SIGNE

Bi Hazel, nilishindwa kusema, nikampa gazeti. Babu alisoma akiwa amesimama, akavaa koti, akaenda gereji, nami nikamfuata. Fataki za yale maganda mawili aliyopiga hazikuwa zimebapa. Tukachukua maganda ambayo sikuwahi kuyajaza, tukayaingiza moja moja. La kwanza, bolti ilishuka kwa kidole chake kimoja. La pili likagoma.

"Huyu Orrin," babu akasema. "Siku zote alikuwa mnene kuliko mimi." Akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho.

Tukaendelea hivyo, bolti ikituambia lipi la nani. Zile zilizojazwa alizifungua yeye, mimi nikishika taa.

Jumapili ile Clete alikuja. "Bunduki iko wapi?"

"Ina kazi," babu akamwambia. "Kahawa iko jikoni. Kashike kikombe."

Mimi nilirudisha maganda ya Babu Orrin katika kopo lake, nikabandika jina lake juu. Kisha nikakaa mezani na kopo la babu, nikapima baruti, nikaanza kujaza za kwenda nazo mlimani.