Unga wa Cibalonza

Jumatatu, 1 Machi 1999
Miezi saba bila mushahara. Kinshasa iko ngambo ya vita, na mushahara ulibakia kule. Naendelea kufundisha fizikia. Wanafunzi sita. Mimi, asistanti wa chuo kikuu, nakula jasho la muke wangu!
Cibalonza anabeba unga wa muhogo toka kwenye malori ya Walungu mpaka soko ya Kadutu. Muzigo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, kama mama wa kijiji. Leo nilipishana naye nikiwa na mwenzangu wa kazi. Nikajifanya naangalia ziwa.

Jumanne, 2 Machi
Aliniona. Hakugomba. Nilimueleza nateseka, haya inanimaliza, usingizi hauji. Alituma mutoto wetu Aganze akacheze inje, akaendelea kujikanda na mafuta ya mawese.
"Papa Aganze, wewe unaumwa na macho ya watu. Mimi naumwa shingo."
 Nimezunguka nyumba siku nzima.

Alhamisi, 4 Machi
Mvua. Cibalonza ameteleza kwenye kijia cha Kadutu, gunia juu yake. Shingo haigeuki. Infirmier wa zahanati amemukataza kubeba kitu mwezi muzima. Kesho lori linafika. Nani atabeba?

Ijumaa, 5 Machi
Nimebeba mimi. Nusu ya muzigo wake tu — na bado nilipumuzika kila kona!
Nilijiandaa kwa macho ya watu. Bure. Kamba inavuta kichwa chini, hauoni sura ya mutu. Unaona miguu na matope. Haya yangu iliishia kwenye mupando wa kwanza. Ilibaki shingo. Miezi yote hii Cibalonza alikuwa ndani ya maumivu haya ya shingo, na mimi namulilia haya!
Nilirudi karibu na furaha. Nikamusimulia. Akasema siku moja kila mutu anaweza, nimuambie tena siku ya thelathini.

Jumamosi, 6 Machi
Bariyeri ya askari, njia imefungwa. Askari waliona miwani yangu. Mwanaume wa miwani, kubeba na kamba kama mama? Wanasema najificha, napelekea wapiganaji wa porini chakula. Nikasema mimi ni asistanti wa chuo kikuu. Ikawa mbaya zaidi. Walichukua unga na karata yangu ya kitambulisho. Nijitokeze Jumatatu kwenye ofisi yao.
Jana nilizani nimeelewa taabu. Hii ya leo, sijui niiangalie kwa upande gani ili ipungue.

Jumatatu, 8 Machi
Tuko kwenye benchi, inje ya ofisi, tangu saa mbili asubuhi. Nilimukataza Cibalonza kuja. Amekuja, kitambaa shingoni, kichwa kimenyooka kama mubao. Wawili waliokuwa mbele yetu waliingia, sijaona wakitoka. Naandika juu ya goti.
Cibalonza ameniuliza kama fizikia inajua kwa nini gunia la jioni linazidi la asubuhi kwa uzito. Nilianza kumueleza vizuri. Akasema nisimalize, alitaka tu nipumue.
Mulango umefunguka. Askari, na karata yangu mukononi. Anauliza unga ni wa nani.
Cibalonza amenitangulia kusimama.