Tabaga Lenye Doa

Makina, Kibera
Machi 1996

Mwanangu Sumaya,

Salaam zikufikie huko Bombo, wewe na mumeo na wakwe zako. Sisi tupo. Mvua imeanza, na paa la Mama Murjan linavuja tena.

Yasin, yule wa lori, anakuletea tabaga la kufunikia chakula. Hutapokea wageni kwako bila tabaga nililosuka mimi. Lile la kwanza lilikuwa jipya mno, watu wa kastam mpakani wakasema ni la biashara, likarudi. Kwa hivyo hili nimelitumia kwanza. Mwezi mzima nimefunikia chakula cha baba yako, mpaka mchuzi ukalitia doa. Sasa yeyote ataona ni kitu cha nyumbani. Usilioshe.

Nikimpelekea chakula, baba yako analiinua, anaangalia rangi, anasema, "Hii nyekundu Sumaya ataipenda." Kisha anafunika tena. Mwanzoni alikuwa akila.

Usitafute zawadi, wala usifunge mzigo. Pale mpakani hawamsumbui mtu asiyebeba kitu. Njoo hivyo hivyo, mikono mitupu. Njoo wiki hii.

Mimi mamako,
Sitelbanat