Fremu Isiyokuwa na Jina Lako

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nimekaa siku tatu na kalamu mkononi kwa ajili ya neno hilo moja. Mtu anayemwamkia bibi yake kwa heshima, na huku alimfuta kwenye ukoo wake, hajui uso auweke wapi. Mimi sijui.

Unamkumbuka Bi Edith, yule mwalimu mstaafu kutoka Uingereza aliyepanga nyumba Chukwani? Wakati ule nilikuwa nikiandika vibao vya maduka Mlandege, na ndivyo alivyonipata. Alisimama mbele ya duka la vitambaa akauliza kibao kile kakiandika nani. Alikuwa na masanduku mawili ya karatasi na haja moja tu, kuuchora ukoo wake wote kwenye karatasi moja kubwa, tangu babu yao Gilbati aliyevuka bahari kutoka Normandi, huko Ufaransa, pamoja na mtawala wao, wakaipiga Uingereza na kugawana ardhi yake. Miaka mia tisa, bibi. Mabwana wa ngome, wake zao, mashamba yao, nani alikufa vitani na nani aliozwa bado mtoto. Miezi mitano nilikwenda Chukwani kila asubuhi, nikirudi na wino vidoleni, nawe ukinikuta mlangoni mwa jiko ukichoma mkate wa ufuta.

"Haya, n'ambie. Leo kafa nani?"

Nikikuhadithia. Uliwazoea wale watu utadhani ni majirani zetu. Gilbati hukumpenda hata kidogo, ukisema kachukua vya watu. Lakini siku niliyokutajia Alisi, uliuacha mkate ukaungua.

Alisi alikuwa mwoka mikate wa ngome yao. Katika kizazi cha saba bwana wa ngome hakujaaliwa mtoto na mkewe. Alizaa na Alisi mtoto mmoja wa kiume, na watu wote wa Bi Edith wametokana na mtoto huyo. Binamu zake walimwandikia kutoka kwao wakimsihi amweke mtoto chini ya mke wa bwana, mambo yaishe. Bi Edith alinisomea barua yao, akaikunja, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mwandike Alisi. Herufi zake ziwe sawasawa na za bwana. Nikimwondoa yeye, na mimi sipo."

Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mwenzangu huyo," ukasema. Halafu ukabandua mkate ulioungua. "Na sie utuandikie yetu, baba. Usiwaandikie Wazungu tu."

Nilikuandikia, bibi. Ndiyo habari ya barua hii.

Nilikuwa namposa Salma. Ami yake, mzee asiyechoka kuuliza nasaba za watu, alitaka kujua sisi ni kina nani kabla hajatoa jibu. Upande wa babu sikuwa na wasiwasi, majina yake yanakwenda mpaka Omani bila kukatika. Mashaka yangu, kwa akili yangu ya wakati ule, yalikuwa wewe. Mama yako aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akauzwa. Wewe ulizaliwa kwenye shamba la watu, na babu akakuoa mke wa pili, baada ya Bi Zuwena, aliyekuwa wa kabila lake na hakubahatika kuzaa. Baba yangu ulimzaa wewe. Alipofariki ukanilea wewe, kwa mkate huo huo wa ufuta, mpaka nikajua kushika brashi. Kisha nikachukua karatasi nzuri niliyopewa na Bi Edith, nikamweka baba chini ya Bi Zuwena. Nilifanya kile kile walichokitaka wale binamu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka pamoja nawe.

Nilijiambia ni kwa ajili ya posa tu. Nilijiambia pia kwamba hutajua, maana ulikuwa husomi. Zamani ulipokuwa ukienda kwenye kisomo cha watu wazima, ulirudi ukisema umekwenda kusikiliza maneno ya watu, na mimi nikakutania kuwa umehitimu umbea. Basi ulipoiona karatasi ile kwenye fremu ukutani, ukaniita.

"Mimi nipo wapi hapa?"

Nikakushika kidole. Kilikuwa kigumu kwenye ncha kwa kuungua na chuma cha mkate. Nikakiweka juu ya jina la Bi Zuwena.

"Upo hapa, bibi."

Ulikiacha pale. Ukalifuata jina tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole.

"Naam," ukasema. "Mwandiko mzuri."

Ukarudi jikoni. Ami yake Salma akaridhika, harusi ikafanyika, na siku ile uliamka kabla ya alfajiri kuwapikia wageni. Habari za Alisi hukuniuliza tena. Nilidhani ni uzee.

Baada ya arobaini yako nilifungua sanduku lako la nguo. Chini ya kanga ambazo hukuwahi kuzivaa palikuwa na daftari la kisomo. Ukurasa wa kwanza umeandika kwa penseli jina lako, Faida. Chini yake Faida, na chini yake tena Faida, hadi kurasa zimekwisha. Mwanzoni herufi zinayumba, mwishoni zimesimama wima. Neno jingine halimo, lakini hilo ulilijua. Nikakaa sakafuni. Kidole chako kilikwenda mpaka mwisho wa jina lile, kikajua kuwa si lako, nawe ukanisifu mwandiko.

Mwanamme wa kweli angeishusha fremu siku ile ile. Mimi nililirudisha daftari sandukuni. Miaka sita fremu imekaa pale, wageni wanaisifu, nami nawaongezea chai. Naona aibu, bibi. Aibu niliyoiogopa haikuwa yako wala ya mama yako. Ilikuwa yangu tangu siku ile, na nimeishi nayo sebuleni.

Juzi binti yangu, uliyemwacha ananyonya, alirudi kutoka skuli na kazi ya kuchora ukoo wao. Nikamkuta amesimama juu ya kiti, ananakili kwenye fremu. Alikwisha kumwandika babu yake, sasa anaanza Zuwena. Nikamwambia ateremke. Nikamtolea daftari lako.

"Andika hili."

"Nani huyu, baba?"

Nikamwambia yote, mpaka mama yako. Salma alikuwa mlangoni, akiyasikia kwa mara ya kwanza. Mpaka leo anazungumza na mimi kwa mambo ya nyumba tu. Fremu nimeishusha. Ijumaa ami yake anakuja kula, ataona ukuta mtupu na atauliza, nami nitamwambia.

Lakini aliyenimaliza ni mtoto. Alilinakili jina lako vizuri, akafunga daftari, akafikiri.

"Alikuwa anajua kusoma?"

"Jina lake tu."

"Basi kila siku alikuwa akijitafuta pale ukutani."

Nikachukua kalamu. Nakujibu wewe, kwa swali uliloniuliza. Hukuwamo, bibi. Nilikutoa mimi.

Lala salama, na ukiweza unisamehe.

Mimi,
Mjukuu wa Faida