Tunda moja la okidi, chupa ishirini

Korogwe, Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri.

Jumapili nilipoteza chupa yangu ya mwisho ya okidi. Zilikuwa ishirini. Sasa sina hata moja.

Tunda lile nililichunga miezi tisa. Ua nililichavusha mwenyewe kwa njiti ya kibiriti, maana mdudu wake hayuko huku kwetu Manundu. Tunda lilipopasuka, mbegu zilikuwa laini kuliko unga wa muhogo. Ukipiga chafya, huna kitu. Nusu nikapanda. Nusu nikakunja kwenye karatasi, nikaiweka katika kopo la nyuzi la mke wangu, Mwanaidi.

Mimi ni fundi viatu, hakuna aliyenifundisha haya. Nilinunua kwa Mhindi ule mwani wa kugandishia faluda, nikauchemsha na sukari na maji ya ndizi, nikautia katika chupa, nikazitokosa kwa saa tatu, nikapanda mbegu na kuziba kwa pamba. Wiki ya kumi nikaona nukta za kijani katika chupa nne. Nilisujudu pale pale, kibandani.

Kisha chupa zikaota ukungu.

Niandike kweli, maana humu daftarini simdanganyi mtu. Nilikuwa nafungua vizibo kila asubuhi ili nihesabu. Jana thelathini na moja, leo je? Ukungu uliingia wakati nahesabu.

Hilo ningelimeza. Leo lakini amekuja shemeji Mhina, kaka yake Mwanaidi, kutoka Mazingara, na kipande cha gogo kwapani. Juu yake imeshika okidi kubwa ya msituni, na kwenye mizizi yake, katikati ya kuvu na uchafu, miche kumi na mmoja. Ina majani! Hakuchemsha kitu. Kwa kauli yake, alinyunyiza mbegu pale akaenda zake kulima mahindi.

"Shemeji fundi," akasema, "kumbe mwenzetu ulikuwa unapika uji?"

Mwanaidi akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilimuuliza mbegu kazitoa wapi. "Upepo, shemeji. Upepo hauna mwenyewe."

Nikacheka nao. Moyoni niliomba gogo limponyoke. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na niliomba hivyo.

Kesho Mhina anapanda basi na gogo lake kwenda Handeni. Mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ametangaza kwamba atakayemwonyesha okidi iliyooteshwa nyumbani kwa mbegu atakabidhiwa kukitunza kitalu cha miche cha boma. Miaka minne nimekitaka kitalu kile. Atapewa mtu ambaye hata jina la ua halijui, analiita "lile la mtini".

Alipokwenda kuswali nilifungua kopo. Karatasi ipo. Mimi hukunja mara nne. Hii imekunjwa mara tatu, na ndani imebaki robo. Mhina alilala kwetu Sikukuu ya Idi, miezi mitano sasa. Hesabu inakubali.

Nimemuuliza Mwanaidi mara mbili. Mara ya kwanza kasema, "Nani aibe vumbi?" Mara ya pili kaniuliza kama nataka chai.

Basi, mke wangu, kusoma unajua, na daftari hili naliacha wazi juu ya kinu chako. Sitaki chai. Kama ulimpa kaka yako mbegu, miche ile ni yangu na yake, na tutapanda basi wawili. Kama hukumpa, wala yeye hakufungua kopo lako, nitamwomba radhi kwa niliyoyawaza. Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Nijibu kabla ya saa moja na nusu: ulimpa, au hukumpa?