Jiwe Nililokudondoshea Kichwani

Baba Zuhura wangu,

Leo nimekudondoshea jiwe kichwani, mbele ya watu, na mwanao akiwa analia pembeni. Nimerudi nyumbani Toongabbie, nimevua baibui lililojaa vumbi, nimekaa jikoni, chai imepoa mbele yangu na moyo haujatulia. Sina mwingine wa kumweleza isipokuwa wewe mwenyewe uliyenifanyia haya yote. Basi keti unisikilize, popote alipokuweka Mwenyezi Mungu. Naiandika barua hii wazi, anayetaka kuisoma na aisome. Waache watu wajue niliolewa na mtu wa namna gani.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipoingia mlangoni umevaa chuma kifuani? Tulikuwa bado wageni Sydney. Wewe ulishapata kazi Wetherill Park, kwenye kiwanda cha kukunja mabati ya viyoyozi, na mimi nimeanza kuwaogesha wazee wa watu. Ukasimama mlangoni na lile dude mfano wa sufuria la pilau la harusi, unacheka peke yako. Nikakuuliza, "Umefukuzwa kazi?" Ukasema hapana, ni mwenzako wa kiwandani, Trevor, yule mwenye ndevu nyingi. Ana kikundi cha watu wanaotengeneza deraya, yale mavazi ya chuma waliyovaa askari wa Ulaya zama za kale. Tena wamejenga kipande cha ngome kwenye shamba la ng'ombe, ukishapita Macquarie Fields, ili wajaribu kwa macho yao wenyewe: mshale unapenya wapi, lango linazuia nini, jiwe likiangushwa kutoka juu linamfanya nini aliye chini.

Nikakutazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Athumani, watu wanakuja Australia kujenga maisha. Wewe umekuja kujenga boma la Wazungu?"

Ulicheka mpaka vifungo vya shati vikawa vinagonga kwenye chuma.

Baadaye ndipo ukanieleza kwa upole. Tanga ulikuwa fundi bati, ulitengeneza ndoo, birika na koroboi, na mtaa mzima ulijua umefungua kibanda kwa mlio wa nyundo yako. "Huku mashine ndiyo inayokunja," uliniambia. "Mimi nabonyeza kitufe tu, Mama Zuhura. Mkono unanisahau." Tangu siku hiyo sikukuzuia. Nilinung'unika, ndiyo, kila Jumamosi nilinung'unika, lakini nilikufungia chakula, na jioni nilikukagua vidole kuona kama umerudi navyo vyote.

Sasa nije kwenye mito, maana mito ndiyo iliyonimaliza leo.

Mama yangu alitushonea mito miwili ya sufi tulipooana. Alichambua sufi mwenyewe, mbegu moja moja, akaishona kwenye kile kitambaa cha milia, na pembeni ya kila mto akatia alama ya uzi: mwekundu wa kwangu, wa buluu wa kwako. Alisema bibi harusi hapelekwi kwa mume bila mto wake. Tukaja nayo mpaka Sydney, na unakumbuka uwanja wa ndege! Yule dada wa ukaguzi aliibonyeza, akainusa, akafumua pembe moja kutafuta mbegu, na wewe ukamwambia kwa Kiingereza chako cha siku zile, "Please, sister, her mother." Akacheka, akatuachia. Alipokufa mama sikuweza kwenda kuzika, na mto wangu ndio nilioulilia usiku ule na siku zilizofuata.

Halafu siku moja nimerudi kutoka kazini, mto wangu haupo. Ukaniambia umeota ukungu kwa unyevunyevu wa nyumba ile ya kupanga, ukautia kwenye pipa la taka, na gari limeshapita. Nilipiga kelele, mtu wangu! Nilitoka nje na kandambili kulitazama pipa tupu. Wewe ulisimama umeinamisha kichwa. Mwisho ukaenda chumbani, ukachukua mto wako, ukauweka upande wangu wa kitanda. Wewe ukanunua ule wa sponji wa dukani. Kila asubuhi uliamka unaipinda shingo huku na huku, na kila nilipokuambia tubadilishane zamu, jibu lako lilikuwa lilelile: "Wewe lala."

Wiki ile ya mwisho ulikuwa na furaha ya kitoto. Ulikuwa umemaliza kofia ya chuma. Ulinishika mkono jikoni hapa hapa, nikiwa nakuna nazi. "Jumamosi hii njoo shambani, mara moja tu. Tunaijaribu kofia yangu." Nikakubali. Nikasema nitaleta sambusa, nisionekane nimeenda mikono mitupu kwa watu. Ukanibusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hukuwa ukilifanya mchana.

Alhamisi asubuhi uliinama kufunga kamba za buti, hukuinuka tena. Mshipa wa kichwa, walisema. Ulipasuka, basi. Mimi niliyewainua wazee wa watu kila siku ya Mungu nilishindwa kukuinua wewe, na mpaka leo nikiona kamba za viatu nashtuka.

Nilipokaa eda, Trevor alipiga simu. Zuhura ndiye aliyezungumza naye, maana mimi sauti ilikuwa haitoki. Nikamsikia mwanao anamweleza kwa Kiingereza kwamba mama hatoki, ni desturi yetu, itachukua miezi. Alipokata simu akaniambia, "He says don't worry. Ngome wataiacha hivyo hivyo, watakungoja." Wakaningoja kweli. Watu wasiojua eda ni nini waliiacha kofia yako rafuni, hakuna aliyeigusa, mpaka nilipotoka.

Basi leo tukaenda, mimi na Zuhura, na sambusa.

Nilidhani nitaona mchezo wa watoto. Yarabi! Kuna ukuta wa mawe na magogo, mrefu kuliko nyumba yetu, na lango ambalo lori lingepita. Juu ya lango kuna sakafu ya mbao, na kwenye sakafu kuna tundu, upana wake kiasi cha sinia. Trevor akanieleza kwamba adui akishaingia chini ya lango, waliokuwa juu walimwangushia mawe kupitia tundu lile. Nikamwuliza kama watu walifanyiana hivyo kweli. Akasema ndiyo, na maji ya moto pia. Nikamwomba Mungu anilinde na wanadamu.

Chini ya tundu walisimamisha gogo lenye mabega ya mbao, na mahali pa kichwa wakaweka tikitimaji. Wakalivika kwanza kofia ya mtu mwingine, ile ya juu bapa. Kijana mmoja akaangusha jiwe. Mlio ule, Baba Zuhura! Jiwe lilitua pale juu bapa, kofia ikabonyea, na maji mekundu yakachuruzika mpaka kwenye mabega. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama pembeni, nikashika mkoba wangu kwa nguvu, maana ni kichwa nilichokiona, si tunda.

Kisha wakaleta kofia yako. Sikuwa nimeiona. Ya duara, imechongoka kidogo juu, na alama za nyundo zote zinaonekana, zimepangana jinsi ulivyokuwa ukizipanga kwenye ndoo. Wakalivika tikiti jipya. Na kwa kuwa uliifua kwa kipimo cha kichwa chako, kile chenye kisogo kirefu nilichokutania miaka yote, ilikaa pale kwenye gogo na kisogo chako. Ulikuwa wewe. Umesimama chini ya lango, kimya, unangoja.

Trevor akanijia na jiwe mikononi. "Mama Zuhura," ndivyo anavyoniita, umemfundisha wewe, "Athumani alisema jiwe la kwanza ni lako. Alisema, mpeni mke wangu, ana haki nalo."

Haki gani? Haki ya kumpiga mawe mume wangu aliyekufa kwa kichwa?

Zuhura akanidaka mkono. Unamjua mwanao, Kiswahili anakisikia chote lakini hasira yake ni ya Kiingereza. "Mum, don't. Please. That's the last thing he made. If it breaks, I've got nothing."

"Baba yako aliifua ipigwe, mwanangu."

"I don't care. Nataka niwe nayo."

Trevor akasema shauri letu, tukitaka tuichukue nzima twende nayo nyumbani, hakuna atakayelaumu. Na aliposema hivyo nikaona watu wote wanatazama chini, hata yule kijana. Nilisimama pale kati ya mwanangu na neno lako. Kofia ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako, hakuna nyingine itakayofuata. Ikipondeka mbele ya Zuhura, atakuwa amekuona ukifa mara mbili, na safari hii kwa mkono wangu.

Lakini nilikukumbuka hapa jikoni, umenishika mkono wenye nazi. Jumamosi hii njoo. Hukuniambia njoo uichukue ukaiweke kabatini. Nikamwambia Zuhura, "Nishikie mkoba." Nikapandisha baibui, nikakwea ngazi.

Kutoka juu, kupitia tundu lile, nilikuona utosi wako. Mke haoni utosi wa mumewe mara nyingi, huuona akiwa amesujudu au amelala. Jiwe lilikuwa zito. Trevor akapiga kelele watu wasogee. Nikasema bismillahi, nikaliachia.

Halikupiga mlio kama ule wa kwanza. Lilisema ngo, likateleza kwenye ule mchongoko, likapita begani, likaanguka mchangani. Kofia ilizunguka kidogo ikatulia. Nilishuka ngazi. Trevor akaivua taratibu. Pembeni palikuwa na bonyeo dogo, kikombe cha kahawa hakilali humo. Tikiti lilikuwa zima. Akaligonga kwa kidole, zima. Zuhura akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikaiona picha nzima kwa mara moja, ikanikata maini. Kofia yako iliweza kuzuia jiwe lile kutoka juu ya ngome. Lililokuua lilikuwa ndani, na hakuna fundi wa kulifulia bati.

Ningerudi nyumbani na hilo, lingetosha. Lakini Trevor aliigeuza kofia anionyeshe kilichosaidia. "Chuma peke yake hakitoshi," akasema. "Chuma kinalipeleka jiwe pembeni, ila mshindo unapokelewa na bitana."

Nikatazama ndani. Kitambaa cha milia. Kimejazwa, kimeshonwa mistari mistari kwa mkono. Na kwenye ukingo, uzi mwekundu wa mama yangu.

Nilitia mkono nikabonyeza, ikawa sufi. Nikaipeleka puani, watu wakinitazama, na chini ya harufu ya chuma na jasho lako nikapata mafuta yangu ya nazi, au nilidhani nimeyapata.

Trevor akacheka, maskini, hakujua. Akasema, "Ah, the pillow! Hakukuambia?" Akanisimulia. Ulitaka kuufumua mto wako mwenyewe, maana uliona hakuna kitu kama sufi kwa kupokea mshindo. Ukaubeba na foronya yake, ukaukata kule kule kwenye kibanda cha shambani kwa mkasi wa bati, na ulipogeuza pembe ndipo ukauona uzi. Anasema ulikaa chini. Ulisema, "Trevor, wrong one. Nimekwisha." Ukataka kuirudisha sufi yote, ukashindwa, kitambaa kilishakuwa vipande. Ukaona heri uushone pale kuliko utupwe. Na ulimwapia kwamba siku ya jaribio nitakuja, nitashika jiwe mwenyewe, na kofia ikisimama ndipo utaniambia, kwa sababu hapo nitakuwa nimeshakupiga na hasira imenitoka.

Athumani! Miaka yote ile! Nimelilia mto uliokuwa kichwani mwako kila Jumamosi!

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilianza. Wale watu wakalikata lile tikiti wakagawana, wakalila pale pale chini ya lango, wakanipa na mimi kipande. Nilikishangaa kile kipande mkononi kwa muda. Kisha nikakila, kilikuwa kitamu. Sambusa zako zimeisha zote.

Kofia amepewa Zuhura. Ameipakata kwenye gari njia nzima, na karibu na Toongabbie akaniambia kwa Kiswahili, bila kuulizwa, "Mama, ina harufu ya nyumbani." Nilikaza macho barabarani.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja chumbani. Nikavua foronya ya mto ninaolalia. Kwenye pembe, uzi wa buluu. Nilikuwa nikiujua huo, ulinipa mbele ya macho yangu, lakini leo ndiyo nimeuona. Hukunipa kwa ukarimu tu, mjanja wee. Ulikuwa ukijihukumu, ukilala na sponji, shingo imepinda, na mimi nakukanda kwa mafuta huku nakusema kwamba mtu mkubwa hajui kulala.

Basi sikiliza. Nimeutandikia mto wako foronya safi, ile nyeupe yenye maua. Nimeurudisha upande wako wa kitanda. Mimi nimejiwekea ule wa sponji. Usibishane nami, safari hii huna pa kukimbilia. Jiwe nimeshakupiga, hasira imenitoka kama ulivyosema, hatudaiani.

Wewe lala.

Mkeo,
Mama Zuhura