Sauti za Babu Kwenye Seva Mpya

Kwa Bibi Alinanuswe,
Tunduma, Songwe.
29 Juni 2025

Mpendwa Baba mdogo Osward,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini kwenye machimbo, na kwamba homa uliyokuwa nayo ulipoondoka imekwisha. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, Bibi anavaa masweta mawili na bado anakaa karibu na jiko, lakini miguu haimsumbui kama mwezi wa nne. Mama na Baba wazima. Mimi nipo likizo, shule tunafungua wiki ijayo.

Ulisema simu haishiki huko mpaka mtu apande juu ya lori la maji, na mimi nikipiga simu huwa nasahau nusu ya niliyotaka kusema. Ndiyo maana naandika. Ninayo habari ya tovuti ya marehemu Babu, ile yenye sauti zake, na si nzuri yote. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Kwanza ile iliyo nzuri. Tovuti imehama. Ile seva ya zamani tuliyokuwa tunashirikiana na watu tusiowajua ilikuwa kama vyumba vya kupanga hapa mtaani kwetu, bomba moja kwa wote. Tovuti ya jirani ikipata wageni wengi, sisi tulikaa tunasubiri. Jumapili baada ya ibada Bibi alikuwa anabonyeza sauti ya Babu, alama inazunguka weee, mpaka anairudisha simu mezani. Sasa tuko kwenye seva yetu wenyewe, na Jumapili iliyopita sauti ilitoka kabla Bibi hajamaliza kuvaa miwani.

Nilifuata daftari ulilonipa, hatua kwa hatua. Kurasa zote nilizihamisha siku ya Jumatano, hifadhidata siku ya Alhamisi. Zilibaki rekodi arobaini na moja za Babu, na akaunti ya zamani ilikuwa inafungwa Ijumaa tarehe 20 saa sita mchana. Uliandika kwa wino mwekundu kwamba tangu kompyuta yako iibiwe, rekodi hizo haziko mahali pengine popote. Niliona, wala sijui nikudanganye vipi kwamba sikuona.

Ijumaa nilikwenda dukani kwa Clement, yule mwenye steshenari karibu na boda, saa mbili asubuhi. Alinipa kompyuta ya pembeni ambayo wateja hawaipendi kwa sababu kibodi yake imepoteza herufi. Nilitumia mtandao wa simu ya Mama, na niliweka ile laini yake ya Zambia kwa kuwa siku hizi ina kasi kuliko ya kwetu.

Baba mdogo, mimi nimezaliwa Tunduma. Najua tangu darasa la kwanza kwamba simu ikishika mtandao wa Nakonde, ng'ambo ya boda kule Zambia, saa inarudi nyuma saa nzima. Hapa hata ukiitwa kwenye kikao unauliza kwanza, saa ya huku au ya kule. Lakini siku hiyo sikuuliza. Nilikuwa naitazama simu tu.

Hata hivyo si saa peke yake. Wewe uliandika nizichukue rekodi zote kwa pamoja, zitoke seva moja ziende nyingine. Mimi nilizipakua moja moja kwenye kompyuta ili nizisikilize na kuziandikia vichwa vizuri, maana nyingi ziliitwa "sauti 12" au "sauti 13" tu. Nilisikiliza ile ya Babu alivyotembea kwa miguu kutoka Ileje kwenda Mbozi kuchuma kahawa. Nilisikiliza ile ya siku alipocheza ngoma ya mganda na viatu vyake vya kwanza, nikairudia mara ya pili. Nilikuwa nacheka peke yangu nimevaa vile vipokea sauti vya masikioni, na Clement akawaambia wateja wake, "Mwacheni huyo, yuko na babu yake."

Nilipomaliza ya thelathini na tatu nilitazama simu. Ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Nikaona nina zaidi ya saa nzima, nikainuka kunyoosha mgongo.

Clement akaniuliza, "Sekela, wewe leo huli?"

Nikamwambia, "Nitakula saa sita, nikimaliza."

"Saa sita ya wapi? Kwa sisi wa nchi hii saa sita ndiyo hii, zimebaki dakika tano. Au umehamia Nakonde hujatuaga?"

Alikuwa anatania. Aliponitazama usoni akaacha. Nilikaa, nikabonyeza zote nane zilizobaki kwa pamoja, kama nilivyotakiwa kufanya tangu asubuhi. Zilianza kushuka zote, polepole, kila moja kidogo. Saa sita ilipofika zikasimama. Hakuna hata moja iliyofika mwisho. Nilijaribu kuingia tena, nikaambiwa akaunti haipo.

Niliwaandikia wenye ile seva siku hiyohiyo, nikawaandikia tena Jumamosi na Jumatatu. Jumanne walijibu kwa adabu kwamba akaunti ikifungwa kila kitu hufutwa na hawana nakala. Clement naye alijaribu kuvifungua vile vipande nane kwa programu zake mbili. Kimoja kilitoa sauti ya Babu akikohoa, basi.

Nyumbani sikumwambia mtu siku tano. Chakula nilikuwa nakiacha, na Mama akadhani nina malaria. Jumatano nikamwambia Bibi nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliona nikikaa sitaweza.

Aliniuliza, "Zimepotea zipi?"

"Kuanzia ya thelathini na nne, Bibi."

"Ya ng'ombe wa mahari imo?"

"Imo."

"Afadhali. Ile mwenzangu aliidanganya yote. Alisema nani alivuka mto Songwe kumfuata yule ng'ombe?"

"Alisema ni yeye."

"Yeye! Aliyevuka ni kaka yangu. Babu yako alisimama ng'ambo hii ameshika viatu vyake, asiloane siku ya harusi. Leta simu."

Nikarekodi. Alizungumza dakika ishirini bila kupumzika, kisha akataka ya thelathini na tano, akataka na inayofuata. Nilimsomea yale maneno mawili matatu uliyoandika kwenye daftari lako kwa kila rekodi, na yeye akasimulia. Tano alizikumbuka. Mbili zilizohusu lori la kwanza alizisimulia Baba aliporudi kutoka Mlowo. Sasa ukifungua namba hizo utasikia Bibi na Baba, na nimeandika chini kwamba rekodi ya Babu imepotea na aliyeipoteza ni mimi. Bibi alisema hiyo sentensi niifute. Nimeiacha.

Baada ya kumaliza zile saba, Bibi aliingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia akilia. Nakuandikia hili kwa sababu kwenye zile rekodi mpya anacheka sana, na sitaki udhani ndivyo mambo yote yalivyokuwa.

Kwa sasa nina nakala za akiba mahali patatu: kwenye seva, kwenye flashi iliyo ndani ya kabati la Bibi, na kwenye flashi nyingine aliyoichukua Baba kuipeleka kwa Shangazi Fides kule Mlowo. Kila Jumamosi nitaingia kuangalia seva, na nikirudi shule Clement ataingia kwa niaba yangu. Hataki tumpe chochote, anasema tumwekee tu rekodi ya ng'ombe asikilize na wateja.

Imebaki moja, Baba mdogo, na hii ndiyo iliyonifanya niandike barua hii mara tatu. Ni ile ya mwisho, ya arobaini na moja, uliyoifunga kwa nywila ukaandika "Babu na Osward" tu. Bibi anasema mlikaa wawili siku hiyo, na Babu alimwambia atoke nje. Hakuna anayejua mlizungumza nini, kwa hiyo hakuna anayeweza kuisimulia. Ningeanzia mwisho kurudi mwanzo, ungekuwa nayo. Nimelifikiria hilo kila siku.

Kama unayakumbuka aliyokuambia, tafadhali yaandike leo hukohuko kambini. Si lazima utuonyeshe. Na kama umeyasahau kwa kuwa ulijua yapo mahali salama, basi mimi ndiye niliyekunyang'anya, na ninakuomba msamaha. Ukurasa wake nimeuhamisha vilevile ulivyokuwa. Umefungwa kwa nywila yako, sijaigusa, na ndani hamna kitu.

Bibi, Baba na Mama wanakusalimu sana. Clement anakusalimu pia. Bibi anamwomba Mungu akutunze katika hayo mashimo mnayochimba na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mwanao akupendaye, hata ukinikasirikia,

Sekela Mbonile